Kenya na Nigeria kwenye grafu za Benki ya Dunia: nani anatumiwa pesa nyingi kutoka ng'ambo? Rivyu kutoka Kisumu

Nyota nne kati ya tano. Naweka hukumu hapa mwanzoni kabisa kwa sababu najua wengi wenu mnasoma hii kwa simu na bando inaelekea kuisha, kwa hivyo kama ulitaka tu kujua kama tovuti ya takwimu ya Benki ya Dunia, ile data.worldbank.org, inaweza kumsaidia mtu wa kawaida asiye mchumi anayetaka kulinganisha nchi mbili, jibu ni ndio, inasaidia, ni bure, hawakuulizi jina wala barua pepe, na kwa simu inafunguka sawa. Ile nyota moja imepotelea kati ya mwaka 2004 na 2005 upande wa Nigeria. Tutafika huko.

Kwanza kwa nini mtu wa Kisumu ahangaike na hii kitu. Huku kwetu pesa za majuu, yaani za ng'ambo, si hadithi. Mimi hushika vitabu vya chama kimoja cha michango hapa mjini na wanachama wengi ni akina mama ambao watoto wao wako Minnesota, Dallas, Leeds, Doha, Riyadh, na michango yao inapanda na kushuka kulingana na huko. Sasa ukienda kwa bunge la wananchi, wale jamaa wanaosimama mjini kubishana mchana kutwa, utapata mmoja anaapa kwamba Wanaijeria wanatumiwa pesa mara nne yetu, mwingine anasema hapana Kenya ndio imeshika Afrika siku hizi, mwingine anasema zote ni propaganda za serikali. Hakuna anayetoa namba. Mimi nikasema wacha nitoe namba, na ndio nikaanza kutumia hii tovuti, na sasa naitumia hata kwa mambo mengine.

Jinsi inavyofanya kazi. Kuna kurasa nyingi sana, kila ukurasa una kipimo kimoja tu, na kila kipimo kiko na grafu ya mstari, miaka chini, kiasi pembeni. Ukitaka nchi mbili unaziongeza kwa kile kisanduku cha kutafuta, lakini kwa simu ndogo kile kisanduku kinachosha, kwa hivyo nawapa njia ya mkato: angalia anwani ya ukurasa juu, mwisho wake ongeza alama ya kuuliza halafu locations=KE-NG. KE ni Kenya, NG ni Nigeria. Unataka Uganda weka UG, Tanzania TZ, Ufilipino PH, unaziunganisha na kistari, unabonyeza, mistari inatokea yote kwa rangi tofauti. Ukigusa mwaka kwa kidole inakuonyesha namba ya kila nchi. Hiyo tu ingekuwa huduma ya kulipiwa kwingine.

Tatizo la kwanza ni lugha. Iko Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu na Kichina, Kiswahili hakuna. Na majina ya vipimo ni marefu na yanafanana mpaka unaweza kufungua ukurasa wa pesa zinazoingia ukifikiri ni wa zinazotoka. Kwa hivyo msitafute kwa jina, tafuteni kwa kodi (code, si ile kodi ya serikali). Kila kipimo kiko na kodi yake ya herufi na nukta, na kodi haibadiliki hata wakibadilisha jina la ukurasa. Zile ninazotumia ni hizi: BX.TRF.PWKR.CD.DT ni pesa ambazo watu binafsi wametumiwa kutoka nje, yaani mtoto kumtumia mama, pamoja na mishahara ya wale wanaofanya kazi nje kwa muda mfupi. BN.TRF.CURR.CD ni pana zaidi, hapo wanajumlisha zile za jamaa na misaada na michango mingine inayoingia bila kudaiwa kitu, halafu wanatoa zile ambazo sisi pia tumetuma nje, inabaki salio. Halafu kuna BN.GSR.FCTY.CD, na hii wengi hawaifungui kabisa, ni salio la mapato: riba, faida za makampuni, gawio na mishahara, zilizoingia ukitoa zilizotoka. Nitarudi kwa hii ya mwisho juu ndiyo inayouma.

Msishtuke mkiona jina moja la zamani na jingine jipya kwa ukurasa ule ule. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, walibadilisha mwongozo wao wa hesabu za nje mwaka 2009, na Benki ya Dunia wanachukua hizi namba kutoka IMF, nao IMF wanazipata kutoka kwa nchi zenyewe. Maana yake namba ya Kenya unayoiona pale imetoka Nairobi, ikapita Washington, ikarudi kwa simu yako Kondele. Inachukua muda. Mwaka wa mwisho kwa grafu mara nyingi si mwaka huu wala uliopita.

Haya, ubishi wenyewe.

Ukifungua ile ya kwanza, pesa za jamaa, ukaweka KE-NG, jambo la kwanza utaona ni kwamba mstari wa Kenya umelala chini na wa Nigeria uko juu kabisa. Jamaa wa mara nne anashangilia, na kwa jumla ya pesa yuko sawa. Nigeria kwa miaka ya karibuni wamekuwa wakipokea kama dola bilioni 20 kwa mwaka. Kenya, kwa hesabu za Benki Kuu yetu, tulipokea dola bilioni 4.19 mwaka 2023 na karibu bilioni 4.95 mwaka 2024. Gawanya utapata mara nne na kitu.

Lakini subiri. Nigeria iko na watu zaidi ya milioni 200. Sisi tuko zaidi ya milioni 50, sensa ya 2019 ilitupata milioni 47.6 na tumeongezeka. Chukua kalkuleta ya simu, gawanya pesa kwa watu, utaona nchi zote mbili zinaangukia chini kidogo ya dola mia moja kwa kila kichwa kwa mwaka. Zinakaribiana mpaka inachekesha. Yaani Mnaijeria wa kawaida hatumiwi zaidi ya Mkenya wa kawaida, wao ni wengi tu. Na hii hesabu grafu haikufanyii, lazima uifanye mwenyewe, kwa sababu kile kipimo ni dola jumla. Kuna ukurasa mwingine wa asilimia ya uchumi, kodi yake ni BX.TRF.PWKR.DT.GD.ZS, nao unasaidia kiasi, lakini una mtego wake: sarafu ya nchi ikianguka, uchumi wake ukipimwa kwa dola unaonekana mdogo, kwa hivyo pesa za jamaa zinaweza kukaa pale pale na asilimia bado ikapanda. Naira ilianguka vibaya kuanzia Juni 2023 serikali yao ilipoacha kuishikilia. Kwa hivyo ukiona asilimia ya Nigeria imeruka hapo, usikimbilie kusema watoto wao wamekuwa na huruma zaidi.

Sasa ile nyota yangu. Rudi kwa grafu ya pesa za jamaa, sogeza kidole mpaka mwaka 2004. Nigeria iko dola bilioni 2 na kitu. Sogeza mwaka mmoja tu, 2005. Bilioni 14 na zaidi. Mwaka mmoja! Mara ya kwanza mtu anaona hiyo anafikiri kuna Wanaijeria milioni kadhaa walipanda ndege pamoja, ama kuna mafuta yamegunduliwa London. Hakuna kitu kama hicho. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu: pesa nyingi zilikuwa zinaingia miaka yote ila hazikuwa zinaandikwa pale, halafu wakaanza kuziandika. Na grafu haiweki alama yoyote, mstari unapanda tu wima, rangi ile ile, hakuna nyota ndogo, hakuna maelezo pembeni ya kukuambia simama hapa. Kwa mtu anayelinganisha nchi mbili kwa miaka mingi hilo ni jambo kubwa sana, kwa sababu ukichora mstari kutoka 2000 mpaka leo utasema Nigeria imekua kwa kasi ya ajabu kuliko Kenya, wakati ukianza 2005 utaona kinyume kabisa: Nigeria inapanda polepole, inateleza, inarudi, na Kenya ndiyo inayokimbia.

Na Kenya kweli inakimbia. Benki Kuu yetu ilianza kuweka hizi hesabu kila mwezi mwaka 2004, na mwaka huo mzima zilikuwa kama dola milioni 338. Mwaka 2010 zilifika milioni 642 hivi. Mwaka 2015 bilioni moja na nusu. 2022 zikapita bilioni 4 kwa mara ya kwanza. Ukifika ile ya 2024 ni zaidi ya mara kumi na nne ndani ya miaka ishirini, sasa zimepita chai, zimepita maua, na sisi tunaoishi karibu na Kericho na Nandi tunajua chai ni nini. Sehemu ya hiyo ni watu kweli wameondoka, manesi, madereva wa malori, wafanyakazi wa nyumbani kule Ghuba, wanafunzi waliobaki. Lakini sehemu nyingine, na hii ni maoni yangu, ni kwamba pesa ambazo zamani zilikuja kwa bahasha mkononi mwa binamu anayekuja Krismasi sasa zinakuja kwa simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, baadaye zikaja app za kutuma kutoka majuu moja kwa moja mpaka kwa laini yako, na bahasha ya binamu haiandikwi popote ila simu inaandikwa. Kwa hivyo hata mstari wetu uko na kaharufu kale kale ka 2005, ila kwetu mambo yaliingia taratibu si kwa mkupuo.

Mwaka ninaoupenda zaidi kwa hii grafu ni 2020. Korona. Kila mtu alisema pesa za majuu zitakauka, hata wataalamu walisema. Angalia Nigeria: kutoka karibu bilioni 24 mwaka 2019 ikaanguka mpaka kama bilioni 17. Angalia Kenya: kutoka kama bilioni 2.8 ikapanda mpaka bilioni 3.1, zaidi ya asilimia 10 juu. Ugonjwa ule ule, Marekani ile ile ambako jamaa wa nchi zote mbili wako wengi, lakini mstari mmoja unashuka na mwingine unapanda. Ukitaka kujua sababu lazima utoke nje ya tovuti, juu yenyewe haisemi sababu, inakupa namba na kukuacha. Kitu kikubwa kwa Nigeria kilikuwa bei ya naira: bei rasmi ya benki ilikuwa mbali na bei ya mtaani, kwa hivyo mtu akituma kwa njia rasmi mamake anapata naira chache, akituma kwa mtu anayejua mtu anapata nyingi, sasa wewe ungetuma kupitia wapi? Pesa hazikukatika zote, nyingi zilihama njia. Ndio maana Machi 2021 Benki Kuu ya Nigeria ilianza mpango wa kumpa mpokeaji naira 5 za ziada kwa kila dola moja inayopita njia rasmi. Fikiria benki kuu inakulipa bonasi ili upokee pesa zako mwenyewe. Hapo ndio unajua hali ilikuwa imewakaza.

Kwetu shilingi nayo ilikuwa na vituko vyake, na hapa ndio nataka akina mama wa chama wasikilize. Grafu zote hizi ziko kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika kama shilingi 160. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imerudi kama 129 na ikakaa hapo. Mtoto anayetuma dola 200 kila mwezi bila kukosa, Januari mama alipokea kama 32,000, miezi michache baadaye dola zile zile 200 zikawa 25,800. Zaidi ya elfu sita imepotea na mtoto hajapunguza hata senti. Sasa angalia grafu ya 2024: Kenya imepanda, rekodi, serikali inapiga makofi. Na mama wa Nyalenda anauliza mbona karo haitoshi. Wote wawili wanasema ukweli, ni vile hawasomi sarafu moja. Nimeona nyumba ambazo mtoto alishukiwa kuwa amepata mke huko na amesahau kwao, kumbe ni shilingi imepata nguvu tu.

Na dola yenyewe si ile ile. Kile kipimo ni dola za mwaka husika, hawajatoa mfumuko wa bei, kwa hivyo dola ya 1990 na ya 2024 zimewekwa kwa mstari mmoja kana kwamba zinanunua vitu sawa. Ukilinganisha Kenya na Nigeria mwaka ule ule haisumbui. Ukilinganisha Kenya ya leo na Kenya ya Moi inasumbua sana.

Sasa ile niliyosema inauma, BN.GSR.FCTY.CD. Ukiifungua na KE-NG utaona mistari yote miwili iko chini ya sifuri. Miaka yote karibu. Kusoma pesa za jamaa bila hii ni kusoma daftari la duka upande wa mauzo peke yake. Nigeria huko chini ni mafuta: makampuni ya nje yanayochimba yanapeleka faida kwao, na kuna miaka shimo hilo linakaribia kumeza zote ambazo jamaa walituma, kwenye ile miaka ya bei nzuri ya mafuta ndio utashangaa, mafuta yakipanda na faida inayotoka inapanda. Kenya huko chini ni riba za madeni pamoja na faida za makampuni ya nje. Mwaka 2014 tulichukua Eurobond ya kwanza, yaani deni la dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, dola bilioni 2 mwezi wa Juni, Desemba tukaongeza milioni 750. Februari 2024 tukachukua nyingine bilioni moja na nusu ili tulipe ile ya kwanza iliyokuwa inakaribia kuiva, kwa riba ya asilimia 9.75. Piga hesabu mwenyewe: hiyo moja tu ni kama dola milioni 146 za riba kila mwaka. Ukikumbuka kwamba mwaka 2004 mzima Wakenya wote wa nje pamoja walituma milioni 338, utaelewa kwa nini nasema ukurasa huu wangeuweka mbele.

Hapo ndio ninaipenda hii tovuti na hapo ndio naona watu wanaitumia vibaya. Mwanasiasa atakuonyesha mstari unaopanda. Mpinzani wake atakuonyesha mstari unaoshuka. Zote ziko pale, tovuti moja, kodi mbili tofauti. Ukiona mtu anapost skrinshoti ya grafu bila kodi ya kipimo mwambie aweke kodi.

Kudaunilodi nako kuna mambo. Upande wa kulia kuna aina tatu za faili: CSV, XML na Ekseli. CSV inakuja imefungwa kwa zipu na ndani kuna faili tatu, moja ya namba na mbili za maelezo, na hata kama ulikuwa umechagua nchi mbili inakupa nchi zote za dunia, mistari mamia, na juu kuna mistari kadhaa ya kichwa lazima uruke ndio ufike kwa namba. Kama uko kwa simu chukua Ekseli, inafunguka moja kwa moja bila kufungua zipu. Yale maelezo msiyatupe, humo ndimo wanaandika kipimo kinahesabu nini na hakihesabu nini. Matumizi ni huru, hata ukitaka kuweka kwa ripoti ya chuo ama kwa gazeti, wanataka tu utaje umetoa wapi. Vijana wa Maseno na wa Masinde Muliro wanaolipia watu wa saiba wawatafutie "data" kwa mradi wa mwisho, hii ni ya kwenu, acheni kutoa pesa, lipeni tu ile shilingi kumi ya kuprinti.

Ukitaka undani zaidi kuna DataBank, iko ndani ya familia hiyo hiyo, pale unachagua nchi, kipimo na miaka na inakutengenezea jedwali. Kwa kompyuta ni nzuri. Kwa simu sipendekezi, vidole vinene kama vyangu vitaumia.

Nikilinganisha na tovuti ya Benki Kuu yetu kwa jambo hili la pesa za diaspora, kila moja iko na siku yake. Benki Kuu wanatoa kila mwezi, wamegawa kwa Amerika Kaskazini, Ulaya na kwingineko, kwa hivyo unaona kwamba sehemu kubwa zaidi inatoka Amerika Kaskazini na unaona mwezi gani ulikuwa mkavu. Kwa mweka hazina wa chama hiyo ni bora, juu mimi nataka kujua Desemba ilikuwaje na Januari, si mwaka mzima ukiwa umeshapita. Lakini Benki Kuu haitakuonyesha Nigeria. Ni hesabu za nyumba moja. Kama ubishi ni wa nchi mbili kwa miaka thelathini nenda Benki ya Dunia, kama ubishi ni wa mwezi uliopita nenda Benki Kuu, na usishangae namba za mwaka mmoja zikitofautiana kidogo kati ya hizo mbili, wanahesabu vitu ambavyo si sawasawa.

Kitu ambacho hakuna hata moja itakupa ni sisi huku. Hakuna Kisumu, hakuna Vihiga, hakuna Kakamega, ni Kenya nzima basi. Ukipita barabara ya kutoka Maseno kwenda Luanda mpaka Chavakali ukaona zile nyumba za ghorofa zimefungwa mageti, wenyewe wanakuja mara moja kwa mwaka ama kwa matanga, unajua kabisa kuna pesa ya nje imeingia hapo, lakini ngapi, hakuna grafu. Na ile ambayo ndugu anatuma kutoka Nairobi ama Mombasa haimo kabisa, hiyo ni ndani ya nchi, na kwa nyumba nyingi za huku hiyo ndiyo inanunua unga.

Kuna huduma yao nyingine nataka kuitaja juu inahusiana moja kwa moja na mfuko wako, nayo wengi hawaijui. Benki ya Dunia pia wanakusanya bei za kutuma pesa, wanachukua mfano wa dola 200 na kulinganisha makampuni njia kwa njia, kwa mfano Uingereza kuja Kenya. Uzuri wake ni kwamba hawaangalii ada peke yake, wanaongeza na kile kinachokatwa kwa kubadilisha dola. Hapo ndipo watu huchapwa. Kuna duka moja hapa mjini, jina naliacha, limebandika karatasi kubwa mlangoni kwamba kupokea ni bure, halafu ukiuliza bei ya dola unapewa ya chini. Tuseme soko ni 129 na wao wanakupa 124: kwa dola 200 wamekula shilingi elfu moja, karibu asilimia 4, na karatasi bado inasema bure. Umoja wa Mataifa umeweka lengo gharama ishuke chini ya asilimia 3 ikifika 2030, na Afrika kusini mwa Sahara bado tuko kwa wastani wa karibu 8. Kwa hivyo kabla mtoto hajatuma mwambie aangalie ni shilingi ngapi zitafika, siyo ada ni ngapi. Halafu wenye watoto Marekani, kuanzia tarehe 1 Januari 2026 kuna ushuru wa asilimia 1 kwa anayetuma kwa kulipa keshi, lakini anayetuma kutoka akaunti ya benki ya huko haumgusi. Hilo waambieni leo leo.

Basi nani atumie hii tovuti? Mwanafunzi, mwandishi wa habari, mweka hazina, na yeyote amechoka kubishana hewani. Nani asitumie? Anayetaka kujua ya mwezi huu, ama anayetaka kuelezwa sababu. Nyota ya tano wataipata siku wataweka hata kanukta kadogo kwenye grafu pale hesabu ilibadilika. Na omera, ndugu yangu wa bunge la wananchi, wewe wa mara nne, jumla uko sawa, sasa gawanya kwa watu halafu urudi tuongee.